Picha za Ombi: Historia ya Kutoa Picha Unguja na Tatizo la Istilahi Zake

UTANGULIZI

Kila fani iingiayo katika nchi huja na maneno yake, na kila neno jipya humtaka mfasiri ajibu swali moja kabla hajashika kalamu: je, jambo hili ni geni kweli, au ni jambo tulijualo lililovaa nguo ngeni? Swali hili halijibiki kwa kufungua kamusi mbili tu na kulinganisha safu. Hapana budi kuitazama kazi yenyewe, jinsi ilivyofanywa zamani, kwa zana gani, na watu waliipa maneno gani walipokuwa wakiifanya.

Makala hii inakusudia kulichunguza fungu dogo la istilahi ambalo siku hizi linawasumbua wafasiri wa vitabu vya kompyuta, walimu wa shule na vyuo, na watumishi wa serikali waliopewa kazi ya kusimamia tovuti za idara zao. Fungu hilo linahusu picha ambazo hazikuwekwa tayari katika tovuti, bali hutengenezwa na seva pale pale zinapoombwa, na namna ya kuzitoa kwa haraka na kwa gharama ndogo. Vipande vya ramani, grafu za takwimu, picha ndogo zinazotangulia picha kubwa, na alama za mraba zilizomo katika tiketi za boti, zote ni za jamii hiyo.

Tumeichagua Unguja kwa sababu mbili. Kwanza, ni lahaja ya Kiunguja iliyokubaliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi yake juu ya msingi huo. Kwa hivyo si vibaya kurudi katika mitaa ya Shangani, Mkunazini, Malindi na Ng'ambo kuuliza kama neno tulitafutalo halipo huko tayari. Pili, kisiwa hiki kina historia ndefu ya kutengeneza picha na kuzifikisha kwa watu, na hatua zake zinafuatana kwa namna inayotuwezesha kuona kipi ni kipya na kipi ni cha kale.

1. SANAMU, TASWIRA NA PICHA

Kabla ya kamera kufika pwani, Kiswahili kilikuwa na maneno matatu yaliyokaribiana: sura, sanamu na taswira. Sura ilikuwa ni umbo la uso wa mtu au wa kitu. Sanamu ilibeba mzigo mkubwa zaidi, maana ilitumika kwa kinyago, kwa mchoro na kwa kila mfano wa kitu kilicho hai. Taswira, nayo kutoka Kiarabu kama sanamu, ilielekea zaidi kwenye tendo la kuchora. Neno picha lilikuja baadaye kutoka Kiingereza, likaenea kwa nguvu ya biashara, na hatimaye likazipokonya sanamu na taswira sehemu kubwa ya kazi zao. Leo sanamu imebaki kwa kitu cha kuchongwa au kufinyangwa, na taswira imehamia katika uhakiki wa fasihi.

Chombo cha kwanza cha kupiga picha kilitangazwa Paris mwaka 1839 na Louis Daguerre. Haikupita miaka kumi kabla hakijafika kwetu. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyesafiri katika pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848 kwa meli ya Ducouëdic, alikuwa na chombo hicho, na picha zilizopatikana safarini zilitumiwa kuwa vielelezo vya kitabu chake na albamu yake. Picha za namna hiyo zilikuwa na sifa moja ambayo mfasiri wa leo anapaswa kuishika vizuri: kila moja ilikuwa bamba la shaba lililopakwa fedha, na bamba hilo lenyewe ndilo picha. Halikuwa na mama wala mtoto. Aliyetaka ya pili ilimbidi akae tena mbele ya chombo, au mchoraji aiige kwa mkono. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kitabu cha Guillain, ambamo picha ziligeuzwa kuwa michoro ya kuchapwa kwa mawe.

Njia nyingine ilipatikana Uingereza, ambako William Henry Fox Talbot alipata hataza mwaka 1841 ya kutengeneza picha ya kinyume kwenye karatasi, yaani ile ambayo nyeupe yake ni nyeusi na nyeusi yake ni nyeupe. Kutokana na hiyo moja ziliweza kutolewa nakala nyingi. Hapo ndipo ilipozaliwa tofauti kati ya chanzo na nakala, na tofauti hiyo ndiyo mzizi wa mambo yote tutakayoyasema. James Augustus Grant, aliyefika Unguja mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke kabla ya kuelekea bara, alipiga picha kadhaa za mji. Kuanzia hapo, uso wa Mji Mkongwe haukukosekana tena katika makasha ya wapiga picha.

2. KAZI YA STUDIO ZA MJI MKONGWE

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilifunguliwa studio za kudumu mjini Unguja. Majina yanayojulikana zaidi ni A. C. Gomes, Coutinho na Pereira de Lord, na wengi wa mafundi hao walikuwa watu wenye asili ya Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe, na ambayo watu wengi huifahamu kwa picha zake za zamani zilizotundikwa dukani.

Tukiitazama kazi ya studio hizo kwa jicho la msanifu wa istilahi, tutaona kuwa ziliwapa watu picha kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya picha zilizokuwa tayari. Kadi za posta zenye picha ya Beit al-Ajaib, ya bandari, au ya njia nyembamba za mji, zilichapwa kwa mamia, aghalabu huko Ulaya, zikapangwa dukani. Abiria aliyeshuka melini alichagua, akalipa, akaondoka. Fundi hakufanya kazi yoyote mpya kwa ajili ya mteja huyo. Gharama yote ilikuwa imekwisha kulipwa mapema, pamoja na hasara ya zile ambazo hazitanunuliwa.

Njia ya pili ilikuwa ya picha za kuagiza. Bwana harusi alipigwa picha, bamba la kioo likasafishwa kwa dawa katika chumba cha giza, kisha likawekwa ndani ya kasha pamoja na namba yake. Nakala ilitolewa kwa kadiri ya ombi. Miezi sita baadaye shangazi alipotaka yake, hakuitwa bwana harusi kuja kukaa tena; ilitajwa namba, likatafutwa bamba, ikatolewa nakala nyingine. Na kama shangazi aliitaka kubwa zaidi ili aitie katika fremu, fundi aliikuza. Kama mwingine alitaka uso tu kwa ajili ya pasipoti, fundi aliupunguza upande. Bamba lilibaki lile lile, na nakala zikatofautiana kwa ukubwa, kwa mkato na kwa karatasi.

Lugha ya kazi hii haikutungwa na kamati yoyote. Watu walisema kupiga picha, kusafisha picha, kukuza picha, kutoa nakala, mkanda, negativu. Nataka msomaji alitazame hasa tendo kutoa. Mteja aliomba, fundi alitoa. Neno hili ni jepesi mno kiasi kwamba wafasiri wengi huliruka wanapolitafuta neno la kazi ya seva, kana kwamba istilahi haiwezi kuwa halali mpaka iwe nzito.

Kulikuwa pia na njia ya katikati ambayo kila mwenye studio aliijua kwa uzoefu. Picha iliyokwisha kuombwa mara nyingi haikusubiri kuombwa tena. Fundi alitoa nakala kumi za ziada akaziweka kwenye mtoto wa meza. Aliyekuja kesho alipewa moja pale pale, bila kuingia chumba cha giza. Hizo hazikuwa kadi za posta zilizochapwa kwa kubahatisha, wala hazikuwa picha za kuagiza kwa maana kamili. Zilikuwa nakala zilizozaliwa na ombi la mtu mmoja, zikawekwa kwa ajili ya ombi la mwingine. Tuikumbuke meza hiyo na mtoto wake, maana tutairudia.

3. TELEVISHENI: PICHA MOJA KWA WATU WOTE

Mwaka 1974 Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo, na tena kwa rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha za nyeusi na nyeupe, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990.

Televisheni ilileta utaratibu wa tatu. Mnara hutoa picha moja, wakati mmoja, kwa kila mwenye chombo cha kuipokea. Wakitazama watu mia au laki moja, kazi ya mnara ni ile ile. Mtazamaji haombi chochote. Hupokea tu au huzima. Jambo hili liliathiri pia lugha yetu. Tulizoea kusema kurusha, kutangaza, kupokea, maneno ambayo ndani yake hamna ombi.

Intaneti ni kinyume cha hayo, na kosa moja la wafasiri ni kuichukua lugha ya televisheni na kuivisha tovuti. Katika tovuti hakuna kinachorushwa hewani kikimsubiri mtazamaji. Kila mtu huleta ombi lake, na kila ombi hujibiwa peke yake. Wakiongezeka waombaji, kazi huongezeka. Kwa hiyo tovuti haikufuata nyayo za mnara. Ilifuata nyayo za studio ya Mji Mkongwe, ila wateja wake wanaweza kuingia elfu kumi kwa dakika moja.

4. SEVA NA MTOTO WA MEZA

Picha zilianza kuonekana ndani ya kurasa za tovuti, pamoja na maandishi, zilipowezeshwa na kivinjari kiitwacho Mosaic mwaka 1993. Mwanzoni zilikuwa picha tuli: faili iliwekwa katika seva, na kila aliyeomba alipewa faili hiyo hiyo. Ilikuwa kadi ya posta. Baadaye yalikuja mahitaji ambayo kadi ya posta haiwezi kuyatimiza. Mmoja anatazama kwa simu ndogo, mwingine kwa kompyuta yenye kioo kikubwa. Mmoja anataka grafu ya mwaka huu, mwingine ya mwaka jana. Haiwezekani kutengeneza mapema kila picha inayoweza kuombwa. Hivyo seva ikapewa programu ya kutengeneza picha papo hapo kutokana na chanzo na masharti ya ombi.

Kazi hiyo ina gharama. Kufungua picha kubwa, kuipunguza, kuibana upya na kuituma ni mzigo kwa seva mara nyingi kuliko kuitoa faili iliyo tayari. Mafundi wakagundua upya yale ambayo studio iliyajua, na hatua zao zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kama ifuatavyo.

Kwanza, kila picha hupewa jina linalotokana na masharti yake yote: chanzo, upana, urefu, mkato, aina ya faili. Masharti yakiwa yale yale, jina huwa lile lile. Hii ndiyo namba ya bamba.

Pili, picha ikisha kutengenezwa mara moja, nakala yake huwekwa kwa jina hilo. Ombi la pili likija, seva hutazama kwanza kama nakala ipo. Ikiwapo huitoa bila kuiamsha programu. Huu ndio mtoto wa meza.

Tatu, watu mia wakiomba kwa mkupuo picha ambayo bado haipo, haifai itengenezwe mara mia. Wa kwanza hushughulikiwa, na wengine tisini na tisa husubiri kidogo kisha hupewa nakala ya kazi ile moja.

Nne, kivinjari cha mtazamaji nacho hutunza nakala. Pamoja na picha, seva humweleza nakala hiyo itafaa kwa muda gani, na huipa alama ya toleo. Muda ukipita, kivinjari hakiombi picha nzima tena. Huuliza tu kama toleo alilonalo ni lile lile. Likiwa lile lile, seva hujibu kwa namba 304, ambayo maana yake ni kwamba picha haikubadilika, na hakuna picha inayosafiri.

Tano, nakala huweza kuwekwa katika seva zilizo karibu na watazamaji, ili ombi la mtu wa Chake Chake au Makunduchi lisivuke bahari hadi Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Katika msiba kama huo, tovuti iliyo na nakala karibu huumia kidogo kuliko ile ambayo kila picha yake yatoka ng'ambo.

Faida ya mambo haya si ya mafundi peke yao. Tuseme ukurasa wa idara una picha 20 zilizopigwa kwa simu, kila moja megabaiti 4. Mwananchi anayeufungua analipia megabaiti 80 kutoka katika bando lake. Picha hizo zikitengenezwa kwa upana wa simu yake, zikawa kilobaiti 40 kila moja, hulipia chini ya megabaiti moja. Kwa mtu anayenunua bando la siku moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataisoma huduma ya serikali yake au ataifunga. Mtumishi wa serikali asiyeelewa istilahi hizi hawezi kumdai fundi wa tovuti kazi iliyo bora, kwa sababu hana maneno ya kumwulizia.

5. MFANO WA RAMANI YA UNGUJA

Mfano mkubwa wa picha za ombi tunao hapa hapa Zanzibar. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walianza mradi wa kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Vijana wa chuo walifundishwa kuzirusha. Maelfu ya picha zilizopishana kidogo ziliungwa kwa hesabu, zikawa picha moja ya ardhi iliyonyooshwa kama ramani, ambayo nukta yake moja ni takriban sentimeta 7 za ardhi. Nyingi ya picha hizo ziliwekwa wazi ili mtu yeyote azitumie.

Tufanye hesabu. Kwa kipimo hicho, kilometa moja ya mraba ina nukta zipatazo milioni 204. Unguja ina karibu kilometa za mraba 1,600. Hivyo kisiwa kizima ni nukta zaidi ya bilioni 320. Hakuna simu inayoweza kuipokea picha hiyo nzima, na hakuna mtu anayeihitaji nzima. Anachotaka mwananchi ni kukiona kiwanja chake cha Bububu, au mstari wa pwani wa kijiji chake.

Ndiyo maana ramani za tovuti hugawanywa katika vigae, yaani vipande vya mraba ambavyo aghalabu ni nukta 256 kwa 256. Ngazi ya kwanza kabisa, iitwayo ngazi ya 0, ina kigae kimoja kwa dunia nzima; kila ngazi inayofuata huzidisha idadi kwa nne. Ngazi ya 18 ina vigae zaidi ya bilioni 68 kwa dunia yote. Kuionyesha Unguja kwa undani wa sentimeta 7 kunahitaji ngazi ya 21, na vigae zaidi ya milioni 4 kwa kisiwa hiki pekee.

Je, vichorwe vyote mapema? Vigae vya Darajani vitatazamwa kila siku. Vigae vya katikati ya msitu wa Jozani huenda vingine visiombwe hata mara moja kwa mwaka. Kuvichora vyote ni kuchapa kadi za posta za kila mti. Basi njia iliyo bora ni ile ya studio: chanzo hutunzwa, kigae hutengenezwa kinapoombwa, nakala yake huwekwa, na ile isiyoombwa tena huondolewa baada ya muda ili kuipisha nyingine.

Jambo hili linagusa haki za watu. Sheha na wananchi wake wanapotazama mpaka katika picha ya angani, yafaa wajue kama wanachokiona ni chanzo cha mwaka fulani au ni nakala iliyowekwa zamani ambayo haijafanywa upya. Ukuta uliojengwa jana haumo katika nakala ya juzi. Pasipo neno la kulitofautisha hilo, ugomvi wa kiwanja unaweza kuamuliwa kwa picha iliyochacha.

6. TATIZO LA ISTILAHI

Sasa tuingie katika maneno yenyewe.

La kwanza ni lile la mahali pa kuweka nakala za karibu. Historia yake katika lugha za kigeni inafundisha. Mwaka 1965 mtaalamu Mwingereza Maurice Wilkes aliandika juu ya kumbukumbu ndogo na ya kasi inayotangulia kumbukumbu kubwa ya kompyuta, naye akaiita kwa jina ambalo, likifasiriwa sisisi, ni kumbukumbu mtumwa. Mwaka 1968 jarida la kampuni ya IBM likatumia neno jingine, kache, lenye asili ya Kifaransa kwa maana ya kuficha, na hilo ndilo lililoshika. Lakini jozi ya bwana na mtumwa iliendelea katika sehemu nyingine za fani, hasa kwa seva moja inayoandika na nyingine zinazoinakili. Katika miaka ya karibuni taasisi nyingi zimeliacha.

Mfasiri wa Unguja hakuhitaji kungoja uamuzi wa wengine. Anayetembea kutoka Darajani hadi Mkunazini anapita mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa hapo chini ya Askofu Edward Steere, mtu yule yule aliyekitungia Kiswahili kitabu cha sarufi na msamiati. Kuyaandika maneno seva mtumwa katika kitabu cha shule kitakachosomwa umbali wa hatua chache kutoka hapo ni kufasiri herufi na kuacha maana. Tafsiri sisisi si uaminifu wakati wote.

Tukilikataa hilo, tunabaki na njia tatu: kukopa kache, kusema hifadhi ya muda, au kutumia akiba. Kache ni fupi, na wanafunzi wameanza kulizoea, ila halimwambii chochote asiyelijua. Hifadhi ya muda ni sahihi lakini ni refu, nalo halielezi kwamba kilichohifadhiwa ni nakala. Akiba ni neno la kila nyumba. Kasoro yake ni methali: akiba haiozi. Akiba ya picha huoza! Chanzo kikibadilika, nakala iliyowekwa si kweli tena. Hata hivyo kasoro hiyo inaweza kugeuzwa kuwa faida, kwa sababu jiko la Kiswahili lina maneno ya chakula kilichowekwa. Kiporo ni chakula cha jana ambacho bado chafaa. Kilichochacha ni kile kisichofaa tena. Na neno kiporo limekwisha toka jikoni na kuingia uwanjani, maana wapenzi wa mpira husema mechi ya kiporo bila kumshangaza yeyote. Sipendekezi kiporo kiwe istilahi rasmi ya vitabu, lakini mwalimu atakayelitumia darasani ataeleweka mara moja. Kuchacha, kwa upande wake, ni tendo linalofaa kuwa istilahi.

La pili ni neno la sifa ya picha hizi. Wapo waandikao picha zenye mwendo, na msomaji akadhani ni sinema. Wapo waandikao picha badilifu, na msomaji akangoja ibadilike mbele ya macho yake. Makosa yote mawili yanatokana na kufasiri kivumishi badala ya jambo. Jambo lenyewe ni kwamba picha huzaliwa na ombi. Basi na iitwe picha ya ombi, ikitofautishwa na picha tuli, kwa kuwa tuli imekwisha pata nafasi yake katika istilahi za fizikia.

La tatu ni tendo la seva. Kuhudumia ni neno zuri kwa watu, lakini picha haihudumiwi. Anayehudumiwa ni mwombaji. Kupakua lingeweza kufikiriwa, maana mpishi hupakua wali kutoka chunguni na kuwapa wageni. Lakini bandarini kupakua ni kushusha shehena kutoka chomboni, na maana hiyo ya bandarini ndiyo iliyochukuliwa katika kompyuta kwa tendo la mtu anayejiletea faili. Tukisema pia kuwa seva hupakua, mtoaji na mpokeaji watakuwa wamegombania neno moja. Tunarudi basi kwa fundi wa studio: seva hutoa picha.

7. MAPENDEKEZO

Kwa kufuata hoja zilizotangulia, tunapendekeza istilahi hizi zijadiliwe:

Chanzo: picha au takwimu ambayo kwayo picha nyingine hutengenezwa.
Picha tuli: picha iliyowekwa tayari katika seva, itolewayo kama ilivyo.
Picha ya ombi: picha inayotengenezwa na seva kwa masharti ya ombi.
Kutoa: tendo la seva la kujibu ombi kwa kupeleka picha.
Akiba ya nakala, au kwa ufupi akiba: mahali ambapo nakala zilizokwisha tengenezwa huwekwa kwa maombi yajayo. Kache likubaliwe kuwa kisawe.
Nakala ya akiba: nakala iliyotolewa kutoka humo.
Kuchacha: hali ya nakala ya akiba kuachwa nyuma na chanzo chake.
Muda wa kufaa: muda ambao nakala huruhusiwa kutumika bila kuulizwa upya.
Alama ya toleo: alama inayotambulisha toleo la picha ili kujua kama imebadilika.
Kigae: kipande cha mraba cha picha ya ramani.
Seva kiongozi na seva fuasi: seva inayopokea mabadiliko, na zile zinazoinakili.

HITIMISHO

Tumeona kwamba watu wa Unguja wamepata picha kwa taratibu tofauti: bamba moja lisilo na nakala, kadi iliyochapwa tayari, nakala ya kuagiza, mnara unaorushia wote, na sasa seva inayotengeneza kwa ombi. Utaratibu wa mwisho una kasi ambayo mafundi wa zamani wasingeiamini, lakini mantiki yake si ngeni. Kutunza chanzo, kukipa namba, kutoa nakala kwa ombi, kuweka za ziada kwa ajili ya wajao, na kuzitupa zilizochacha ni mambo yaliyofanywa katika Mji Mkongwe kabla mtu yeyote hajasikia neno tovuti.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa wengi wa biashara walihama, studio nyingine zikafungwa, na mabamba mengi yakatawanyika au kuharibiwa na unyevu wa pwani. Sehemu ya picha za zamani imetunzwa katika Nyaraka za Taifa Zanzibar. Maneno ya mafundi, lakini, hayana jengo la kuyatunza. Aliyeyajua ni mzee aliyeshinda chumba cha giza, na watoto wake leo hupiga picha kwa simu na hawasafishi chochote. Ni wajibu wa mabaraza yetu ya lugha, BAKITA na BAKIZA, na wa kila mwalimu aliye karibu na wazee hao, kuyaandika maneno hayo mapema, kwa kuwa chanzo kikipotea hakuna nakala inayoweza kutolewa.